Nywele zinanyonyoka baada ya kujifungua: je, heddo supa ya Kijapani itazirudisha?

*"Shikamoo daktari. Naishi Nagoya na mume wangu anayesoma huku, tuna mtoto wa miezi minne na nusu. Tangu mwezi uliopita nywele zinakatika vibaya, hasa mapanjani. Nikioga nazikuta zimejaa kwenye kichujio cha bafu. Nilisuka rasta ili nifiche, nikazifumua baada ya wiki tatu, hali ikawa mbaya zaidi. Jioni kichwa kinabana kama nimefungwa kitambaa, na usingizi ni wa kudokoa. Jirani yangu Mjapani akanipa zawadi ya heddo supa, yaani kuoshwa na kukandwa kichwa, kwenye saluni moja mjini. Kabla ya kuanza, wakapita kichwani na kamera ndogo na kunionyesha kwenye skrini: kila kinyweleo kimezungukwa na kitu cha njano. Wakasema ni mafuta yaliyoganda, yameziba, ndiyo maana nywele hazishiki, na kwamba nahitaji kusafishwa mara kumi kwa mkataba wa yen 88,000. Huduma yenyewe ilinipendeza mno, nililala pale kitini usingizi ambao sijaupata tangu nijifungue. Jibu wanalitaka Jumamosi. Ni kweli vinyweleo vyangu vimeziba? Hii huduma itarudisha nywele? Ina madhara kwa anayenyonyesha? Mama yangu yuko Tanga, anasema nipake mafuta ya nyonyo na maji ya kitunguu, niachane na Wajapani."*

Marahaba mwanangu, na hongera ya kujifungua salama. Maswali yako ni matatu, lakini nyuma yake naona hofu moja: kwamba kichwani mwako kuna uchafu uliojificha unaoua nywele, na usipotoa yen 88,000 kabla ya Jumamosi utabaki na upara. Basi nianzie hapo. Vinyweleo vyako havijaziba kwa namna ya kuzuia nywele kuota. Mkataba usitie saini. Nywele zinazonyonyoka kwa ajili ya uzazi hurudi zenyewe, uende saluni usiende. Ila ule usingizi ulioupata pale kitini ulikuwa wa kweli, na nisingependa uutupe pamoja na mkataba. Nitaufikia.

Kwanza nataka ufanye jambo moja nyumbani. Sisi tukisema "nywele zinakatika" huwa tunachanganya mambo mawili. Kuna nywele zinazonyonyoka, yaani zinatoka na shina lake, na kuna zinazokatika njiani kama uzi uliochakaa. Chukua nywele kumi au kumi na tano kutoka kwenye hicho kichujio, zioshe, zitandaze juu ya kitambaa cheusi mbele ya dirisha, uziangalie ncha moja moja. Ukiona upande mmoja una kidoti cheupe, kidogo kama kichwa cha pini, huo umenyonyoka. Kile kidoti si "mzizi uliokufa" kama wengi wanavyoogopa; ni kitako cha unywele uliomaliza muda wake ukajiachia. Usipoona kidoti popote, na ncha zote mbili zimechanika-chanika, huo umekatika, na chanzo chake hakiko ndani ya mwili wako bali kwenye chanuo, dawa ya nywele, ukavu au msuko. Kwa maelezo yako nadhani utazikuta za aina zote mbili.

Sasa kwa nini zinyonyoke leo, mtoto akiwa na miezi minne na nusu, na si wiki ile uliyojifungua? Kichwa cha mtu mzima kina nywele kama 100,000, na kila unywele una ratiba yake. Hukua kwa miaka 2 hadi 6, huacha kukua, hupumzika kwa miezi kama 3, kisha hudondoka na mwingine huanza kuota katika shimo lilelile. Siku ya kawaida mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 na wala hajui. Mimba huivuruga ratiba hiyo. Homoni ya estrojeni ikiwa juu, nywele zilizofikia zamu ya kupumzika huendelea kukua, ndiyo maana miezi ya mwisho ya mimba wanawake wengi husifiwa nywele. Ni kama wageni wa harusi. Kwa kawaida huaga mmoja mmoja, lakini ngoma ikinoga hakuna anayenyanyuka. Ukijifungua, estrojeni inashuka ghafla, ngoma imezimwa, na wageni waliopitiliza muda wananyanyuka wote kwa pamoja. Inawachukua miezi 2 hadi 4 kufika mlangoni. Unachokiona bafuni ni wageni wanaotoka. Nyumba haijabomoka.

Hali hii kwa wengi hupungua yenyewe, na kufikia mtoto kutimiza mwaka nywele huwa zimerudi karibu na zilivyokuwa. Huonekana zaidi mapanjani kwa sababu hapo nywele ni nyembamba na chache tangu mwanzo, hakuna za kuficha pengo.

Tuje kwenye ile picha ya skrini, maana ndiyo iliyokutisha. Kila kinyweleo cha kichwani kimeunganishwa na tezi ya mafuta. Tezi humwaga mafuta yake katika tundu lilelile unywele unamopita, na mafuta hupanda juu yakichanganyika na seli za ngozi zilizokufa. Ukikuza picha mara mia au mia mbili, mchanganyiko huo unaonekana kama nta ya njano kuzunguka kila unywele. Utaonekana kwangu, kwa jirani yako, na kwa huyo aliyeshika kamera asubuhi kabla hajaosha kichwa. Nami nakuuliza: siku ile ulikuwa umepaka mafuta kichwani? Jeli ya kulaza nywele za mbele? Kama ndivyo, sehemu kubwa ya ile njano uliinunua dukani mwenyewe.

Shina linalotengeneza unywele liko milimita 3 hadi 5 chini ya uso wa ngozi, na linalishwa na mishipa midogo ya damu inayotoka chini. Halivuti hewa kupitia lile tundu la juu. Nta ile hailinyimi chochote, na unywele unaokua huisukuma bila taabu. Nta yenyewe ukiiosha leo, tezi zitaanza kuirudisha saa hiyohiyo. Ndiyo kazi yake, na bila mafuta hayo ngozi ingekauka na kupasuka. Kwa hiyo mtu akikuonyesha picha ya kabla na picha ya baada, zote ni za kweli, ila hazihusiani na kuota kwa nywele. Pana ukweli mmoja mdogo ninaopaswa kuutoa: ngozi ikiwa na mba mkali, nyekundu, inawasha, inatoa magamba ya mafuta, uvimbe ule unaweza kuongeza kunyonyoka. Huo ni ugonjwa na una dawa yake, shampuu yenye ketokonazoli au mikonazoli, unayoiacha kichwani dakika chache kabla ya kusuuza. Hautibiwi kwa kukandwa.

Nitakupeleka kidogo kwenye historia, kwa sababu kuna watu wanauza huduma hii kama siri ya kale ya Japani. Jina lenyewe ni Kiingereza, *head spa*, kilichotamkwa Kijapani, na huduma kwa sura hii ya leo imeenea kwenye saluni zao miaka ya 2000 na kuendelea. Zamani ya kweli ya nywele Japani ni tofauti na inapendeza kwa namna yake. Mabibi wa ikulu enzi za Heian (karne ya 8 hadi ya 12) walilainisha nywele zao ndefu kwa maji ya mchele, waliyoyaita *yusuru*. Enzi za Edo (karne ya 17 hadi ya 19) wanawake waliosuka mitindo mikubwa yenye nta hawakuosha kichwa kila siku kama leo. Wakiosha walitumia mwani uitwao *funori* uliochanganywa na unga wa ngano. Mafuta yao yalikuwa ya mbegu za tsubaki, yaani mti wa kamelia, na hadi leo kisiwa cha Izu Oshima na visiwa vya Goto vinajulikana kwa mafuta hayo. Shampuu ya kampuni ya Kao iliingia sokoni mwaka 1932. Kukanda nako kuna mkondo wake: *anma*, ufundi wa mikono ambao kwa karne nyingi ulikuwa riziki ya vipofu. Sugiyama Waichi, mganga kipofu wa karne ya 17, ndiye aliyeanzisha shule za kuwafundisha vipofu wenzake tiba ya kuchoma sindano (acupuncture) na kukanda. Heddo supa imeokota kidogo kutoka kila upande, ikaweka kwenye kiti cha saluni. Na ile pete ya maji inayomwagika kama mvua kwenye paji la uso, inayosambaa mno kwenye video, hutaikuta katika saluni nyingi za Kijapani. Hutumika sana China na Vietnam. Haina ubaya, lakini usiihesabu kuwa ndiyo alama ya Ujapani.

Kilicho cha Kijapani kweli ni mwendo. Nilikaa Osaka miaka miwili kimasomo, na mara ya kwanza nilipolala kwenye kile kiti nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Kiti kilishuka taratibu hadi nikawa nimelala sawasawa, shingo haikukunjwa. Kijana akanifunika uso kwa kitambaa chepesi, akapima maji kwenye kifundo cha mkono wake kabla hayajanigusa. Akaniinua kichwa kwa kiganja kimoja, na kwa kingine akayaacha maji ya moto yatiririke kisogoni, akayakinga mkononi yakae pale sekunde chache, akayaachia. Alirudia hivyo mara tatu au nne. Kisha likaja swali ambalo utaulizwa karibu kila saluni nchini humo: *"Kayui tokoro wa gozaimasen ka?"*, yaani, je, pana mahali panapowasha? Nikasema hapana, kama wanavyojibu wengi, naye hakusema neno tena. Alipoanza kukanda, vidole vyake havikusugua. Vilishika ngozi vikaisogeza juu ya mfupa, pale pale, kama mtu anayejaribu kama embe limeiva bila kulichubua. Dakika arobaini. Niliamka nikiwa sijui niko wapi.

Nakueleza haya ili ujue kwamba sikuambii uachane na huduma hii kwa kuidharau. Chini ya ngozi ya kichwa kuna utando mgumu unaofunika utosi kama kofia, na kofia hiyo imevutwa mbele na misuli ya paji la uso na nyuma na misuli ya kisogo. Pembeni ipo misuli ya kutafunia iliyotandaa juu ya masikio, na chini ya fuvu ipo misuli midogo inayobeba kichwa. Mama anayenyonyesha hukaa saa nyingi kila siku akiwa ameinama akimtazama mtoto. Misuli ile ya kisogo haipumziki, na maumivu yake hupanda yakauzunguka utosi. Hicho "kitambaa" kinachokubana jioni ndivyo watu wengi wanavyouelezea uchovu huo wa misuli. Ikikandwa polepole, kwa joto, mahali penye mwanga hafifu na bila kusemeshwa, moyo hupunguza kasi, pumzi hushuka chini, na mwili unakubali kulala. Wewe ulilala. Wala sihitaji utafiti wa kuniambia kwamba mzazi wa miezi minne aliyelala saa nzima amepata kitu cha thamani.

Na nywele je? Mwaka 2016 watafiti wa Japani walichapisha jaribio dogo: wanaume 9 wenye afya walikandwa kichwa kwa mashine dakika 4 kila siku kwa wiki 24. Unene wa unywele ulipanda kutoka milimita 0.085 hadi 0.092. Idadi ya nywele haikuongezeka. Tisa ni wachache, walikuwa wanaume, hawakuwa wazazi wapya, na walifanyiwa kila siku kwa karibu miezi sita. Saluni nyingi hutaja jaribio hili kama ushahidi, lakini ukilisoma vizuri linakuambia kitu cha kupingana na mkataba wao: kama kukanda kuna faida yoyote kwa nywele, faida hiyo iko kwenye dakika chache za kila siku, ambazo utazifanya mwenyewe bure. Mara kumi za saluni haziigizi hali hiyo.

Kuhusu usalama wako, kunyonyesha hakuzuii. Mikono kichwani haigusi maziwa yako. Ninachokuomba ni kumnyonyesha mtoto kabla ya kwenda, maana kulala chali saa nzima maziwa yakiwa yamejaa ni adhabu, na kuwaambia wasitumie vitu vyenye menthol au kafuri. Saluni za Japani huvipenda hasa kiangazi kwa ule ubaridi wake, lakini mvuke wake ukiwa karibu na uso wa mtoto mchanga unaweza kumletea shida ya kupumua. Sema *"junyuu-chuu desu"*, nanyonyesha, wataelewa.

Shingo nayo uiangalie. Mwaka 1993 daktari mmoja wa Marekani aliripoti wanawake 5 waliopata dalili za kiharusi baada ya kuoshwa nywele saluni wakiwa wameegemeza shingo nyuma kwenye ukingo wa beseni. Ni jambo la nadra sana, lakini hakuna haja ya kulijaribu. Kiti kinacholala sawasawa ndicho salama zaidi. Ukipewa beseni la kukunja shingo, omba taulo nene chini yake, na ukisikia kizunguzungu, macho kufifia au mkono kufa ganzi, wasimamishe saa hiyo. *"Itai desu"* ni inauma. *"Yowaku shite kudasai"* ni punguza nguvu. Watu wa kwetu hunyamaza kwa heshima, na Wajapani husubiri useme, ndipo mtu anatoka na kichwa kinachouma.

Jambo lingine ambalo saluni ya huko inaweza isilijue ni nywele zetu. Mhudumu aliyejifunzia kwenye nywele zilizonyooka amezoea kupeleka vidole huku na huku kwa msuguano wakati wa kuosha. Kwenye nywele za kipilipili mchezo huo unafunga vifundo, na kuvifungua ndiko kunakozikata. Zigawe mafungu manne au sita, uzisokote legelege kabla ya kwenda, umwambie akande kati ya mafungu bila kuyafungua. Au uchukue ile aina kavu, *dorai heddo supa*, isiyotumia maji wala shampuu; unalala na nguo zako, kichwa kimewekewa taulo. Kwa uchovu wako hiyo inatosha kabisa. Ujue tu kwamba Japani kuosha na kutengeneza nywele ni kazi ya mwenye leseni ya taifa, na kukanda kwa jina la tiba kuna leseni yake kwa sheria ya mwaka 1947. Maduka mengi ya ile aina kavu hayana yoyote kati ya hizo mbili, yanauza mapumziko. Mapumziko yanunue, ila mtu wa huko akianza kukusomea ugonjwa wako, mshukuru uondoke.

Sasa rasta. Hapa nitakuwa mkali kidogo, na naomba unisamehe. Ulichukua nywele ambazo nyingine zilikuwa tayari zinajiandaa kutoka, ukazifungia uzito na kuzivuta kutoka mapanjani, mahali palipo dhaifu kuliko pote. Zilizotoka baada ya kufumua ni za wiki tatu zilizokuwa zimeshikiliwa na msuko, kwa hiyo wingi wake usikutishe. Kinachonitia wasiwasi ni mvuto wenyewe. Ukisuka ukashindwa kulala siku ya kwanza, au ukatoka vipele vidogo kwenye mstari wa nywele, msuko ule ulikaza kupita kiasi. Tumelelewa na usemi wa ukitaka uzuri sharti udhurike, na kliniki ninaona wanawake wa miaka arobaini ambao mapanja yao hayataota tena kwa sababu mashina yamevutwa mwaka baada ya mwaka hadi yakageuka kovu. Kunyonyoka kwa uzazi kunapona. Kovu haliponi. Mpaka mtoto atimize mwaka, suka mistari mikubwa ya nywele zako mwenyewe bila kuongeza, au zifunge kwa kilemba cha kitambaa laini, na mstari wa mbele uuache huru.

Mama yako usimpuuze. Anakupenda na anataka kukuokolea pesa, na kwenye pesa yuko sahihi kuliko saluni. Mafuta ya nyonyo yanaupa unywele mng'ao na kupunguza ukavu, kwa hiyo kidogo kwenye ncha si vibaya. Hayaoteshi nywele, na yakiwa mengi ni mazito, yananatisha, yanaweza kufunga nywele zikawa donge. Ngozi ya kichwa ikiwa na mba, usiyapake huko kabisa, maana fangasi wa mba hula mafuta. Maji ya kitunguu yaliwahi kujaribiwa Iraq, matokeo yakachapishwa mwaka 2002, lakini kwa ugonjwa wa mabaka ya upara, ambao si wako. Kwako yatawasha ngozi na kumkera mtoto kwa harufu.

Kama unataka kitu cha kufanya kila siku, fanya hiki. Usiku mtoto akishalala, lowesha taulo dogo kwa maji ya moto, likamue, liweke kisogoni hadi lianze kupoa. Kisha kaa, egemeza viwiko mezani, uache kichwa kilale juu ya vidole gumba viwili katika vile vibonde chini ya fuvu, upande huu na upande huu wa uti wa shingo. Uzito wa kichwa ndio unaokanda, wewe usitumie nguvu. Hesabu pumzi kumi. Hamia juu ya masikio, tandaza vidole, shika ngozi uizungushe polepole bila kuteleza juu ya nywele. Malizia utosini. Dakika 4 au 5. Tumia nyama ya vidole, kucha zisiguse. Wiki ya kwanza ngozi itakuwa ngumu kusogea. Baadaye utaona inaanza kulegea.

Vipo vitu ambavyo hata mimi siwezi kuvitibu kwa maandishi. Nenda *hifuka*, kliniki ya ngozi, ukiona duara la upara kama sarafu, au nywele zimekatika usawa wa ngozi zikiwa na magamba, au usaha, au utosi unaouma na kuchoma huku ngozi yake ikiwa laini na kung'aa. Nenda pia nywele zikiendelea kunyonyoka kwa wingi mtoto akishatimiza mwaka. Na kabla ya hapo, kwa uchovu unaousema, ningependa upimwe damu: wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma iitwayo feritini, na homoni inayoongoza tezi ya shingo, TSH. Kujifungua kunamaliza chuma, na tezi hiyo huweza kuvurugika miezi ya mwanzo ikaleta mapigo ya moyo kwenda mbio, kutetemeka, au baridi na uchovu usioisha. Vyote viwili vinanyonyoa nywele na vyote viwili vina dawa. Kwa bima ya afya ya huko utalipa asilimia 30 ya gharama, ambayo itakuwa sehemu ndogo ya zile yen 88,000. Minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, inauzwa Japani kwenye maduka ya dawa tangu 1999, lakini usiianze kwa hiari yako ukiwa unanyonyesha.

Kichwa nacho kina mipaka. Kinachobana jioni na kuachia ukilala hakinitishi. Kinachopasuka ghafla kwa maumivu ambayo hujawahi kuyapata, au kinachokuja na macho kuona nyota, kutapika, degedege, udhaifu wa upande mmoja, kinahitaji 119 usiku huohuo. Na nikuulize kwa upole: mtoto akilala, wewe unalala? Kama unabaki macho moyo ukienda mbio, au unalia bila kujua kwa nini, au umeacha kufurahia kumshika, mwambie *hokenshi*, muuguzi wa manispaa. Huwa wanatembelea nyumba zenye watoto wachanga, na huenda ameshafika kwako. Ni kazi yake, na hutakuwa wa kwanza kumwambia.

Kuhusu Jumamosi, sentensi moja inatosha: *"Konkai wa keiyaku shimasen"*, safari hii sitafunga mkataba. Huwajibiki kueleza sababu. Wakikusukuma, au ukijikuta umeshatia saini, piga 188, simu ya kulinda walaji. Mikataba ya huduma za urembo inayozidi mwezi mmoja na yen 50,000 kwa kawaida ina siku 8 za kuivunja, nao watakuambia kama wako unaingia humo. Jirani yako usimwonee haya, zawadi yake ilikuwa nzuri. Ukiweza kumudu, omba saa moja tu mwezi ujao, ulipe ya siku hiyo, baba abaki na mtoto, ukalale.

Na leo hii, simama karibu na dirisha asubuhi, upige picha mapanja yote mawili nywele zikiwa zimerudishwa nyuma. Baada ya wiki nane simama palepale, saa ileile, upige nyingine. Ukiona vinywele vifupi vimesimama kama majani yanayochipua baada ya mvua, nitumie picha hizo. Usipoviona, nitumie vilevile, pamoja na majibu ya damu.